Marahaba ya Fundi wa Kadi ya Picha

Haya sikuyasikia kwa mtu. Yamenipata mwenyewe, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu hapa Utemini, Singida mjini, jua likiwa bado kali na kuku wako nje. Naanza na jua kwa sababu najua mtakavyosema: kibibi kilisinzia, kibibi kiliota. Sikusinzia. Nilikuwa napepeta alizeti na nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hasinzii. Shule nimeishia darasa la nne, lakini akili zangu zimetimia, na kompyuta ninayoisema bado ipo pale pembeni, imefunikwa kanga. Asiyeamini aje. Nitampa chai. Ila asinilaumu nisipomjua.

Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa, kila kitu kinaingia kikiwa kimeshatumiwa na mtu mwingine. Nguo tulishazizoea, tukaziita kafa Ulaya, maana nani atatoa koti zima kama hajafa? Baada ya nguo zikaja baiskeli, magodoro, majokofu, mwisho kompyuta. Mjukuu wangu Salma, binti wa marehemu mwanangu wa kwanza, alikuwa amemaliza kidato cha nne amekaa tu nyumbani. Akasema anataka kompyuta ya mtumba, aweke chumba cha gemu, watoto waje wacheze mpira wa kwenye skrini. Tukauza kuku. Kuku wangu, lakini niliwatoa kwa moyo mweupe.

Salma namwita mke mwenzangu, na tukiwa wawili na yeye ananiita hivyo hivyo. Mbele za watu mimi ni Bibi, na shikamoo yangu naipata kila asubuhi kabla sijafungua mdomo. Hilo kwangu halina mjadala. Amkia mkubwa, mkubwa aitikie marahaba, ndipo maneno mengine yafuate. Shikeni hapo, kwa sababu kisa chote kimening'inia hapo.

Na nitajisifu kidogo, mnivumilie. Mtaa wetu mzima, mtoto wa kike wa kwanza kufungua boksi la kompyuta kwa bisibisi, akalipuliza vumbi, akalirudisha na likawaka, ni wangu. Watoto walijaa kwenye mabenchi mpaka dirishani. Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia zamu. Mechi ikiisha na mtu hataki kuinuka, nainua ufagio.

Kisha likaja gemu jipya. Kule karibu na stendi kulikuwa na chumba kingine, kompyuta yao ni mpya, na kwao wachezaji wanatoka jasho, wakikosa goli wanashika kichwa, unaona mtu amekasirika. Salma akaitafuta diski ile ile, akaiweka kwenye ya kwetu. Timu zikatoka uwanjani. Niaminini, hawakuwa na nyuso. Jezi zipo, miguu ipo, nywele zipo, lakini hapa mbele peupe kama yai. Wanakimbia, wanakumbatiana, hawana macho. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mwenzake akamwambia Salma, "Dada, hawa wameshakufa." Kesho yake mabenchi yakawa matupu. Wote wamehamia stendi.

Hapo ndipo akaja Bakari, mwanangu wa pili, anayekaa Mitundu. Ni baba mdogo wa Salma, na tangu kaka yake afariki anajiona ndiye msemaji wa mambo yote. Akakaa, akaangalia yale mabenchi, akakohoa kikohozi chake kile cha mara mbili mbili.

"Mama, hii siyo kazi. Alizeti ikiisha kuvunwa na chumba hiki bado kitupu, nakuja na gari namchukua mtoto. Kule kuna duka la kukaa, na kuna mwanaume wa heshima ameshamuulizia."

"Mwanaume gani?"

"Mama, mwanaume."

"Ana meno?"

Akakohoa tena mara mbili. Nikajua ni yule mzee kibogoyo anayeuza asali kule kwao.

Salma alikuwa mlangoni amesikia yote. Usiku ule hakula. Na mimi, niseme kweli, sikuwa nalilia ndoa yake peke yake. Nilikuwa najililia mwenyewe. Watoto wangu wengine wako mbali au wako chini ya ardhi. Huyu ndiye anayeniuliza asubuhi kama nimelala vizuri. Akienda Mitundu, ni nani atakayeniuliza?

Salma akasema tatizo siyo kompyuta nzima, ni kadi ya picha. Imezeeka, gemu jipya haliwezi. Ikitolewa ikawekwa yenye nguvu zaidi, nyuso zitarudi. Sasa mimi kadi ninazozijua ni ya kliniki, ya chama na ya harusi. Nikamuuliza, "Kwa hiyo picha za hao watu zimo ndani ya hiyo kadi?"

"Hazimo, Bibi. Kadi kazi yake ni kuchora tu. Kompyuta inaiambia chora mtu, nayo inachora."

"Itachoraje uso ambao haiujui?"

Akacheka. "Mke mwenzangu, wewe pepeta alizeti."

Nikapepeta, lakini sikukubaliana naye. Mpaka leo sikubaliani naye. Mtu huwezi kuchora uso ambao haumo mahali popote ndani yako.

Mafundi wa mjini wakasema kadi hiyo Singida haipo. Salma akampata mtu wa Dodoma, akaahidi kuituma kwa basi. Siku mbili Salma ameshinda stendi, mabasi yanapita, kadi haimo. Siku ninayoisema akatoka tena baada ya chakula. Alizeti nyingi ilikuwa imeshavunwa, yangu ilikuwa ya mwisho mwisho uani. Nikabaki napepeta chumba cha mbele, maana nje upepo wa msimu ule mnaujua, unakuja kutoka ziwani unakusukuma kama mtu mwenye haraka. Mlango wa mbele unagonga, unafunguka, unagonga. Sikio langu lilikuwa barabarani, nasikiliza gari la Bakari. Kila gari lililokohoa nilidhani ni yeye.

Mlango ukafunguka tena, haukugonga.

Nikageuka. Kijana amesimama mlangoni, mwembamba, mrefu wa wastani, kitu mkononi kimefungwa gazeti. Jua lilikuwa nyuma yake, likanipiga machoni. Mtoto wa umri ule, angekuwa mjukuu wangu. Nilitaka kumwambia, "Hujui kupiga hodi, hujui kuamkia, umezaliwa porini?" Maneno nilishayapanga. Nikafungua mdomo, na mdomo wangu ukasema:

"Shikamoo."

Mimi. Kwa kijana. Nikasimama na ungo mkononi, nimeona haya kama niliyevuliwa kilemba. Tena nilikuwa nimepiga goti kidogo, vile tulivyofundishwa nyumbani Mtinko tukiwa wadogo. Nikangoja acheke. Kijana yeyote wa Singida angecheka, au angeruka aseme, "Bibi, mbona unanikosesha adabu, shikamoo wewe."

Yeye akaitikia, taratibu, kama mtu aliyekuwa anaingojea.

"Marahaba."

Hebu fikirini. Ningekimbia? Nikimbilie wapi, hapa ni kwangu. Nikajipa moyo: huyu atakuwa fundi Salma amempata stendi, amekuja na kadi, na heshima hana, mafundi ndivyo walivyo. Tena nikajiambia labda ni wa ukoo, maana kwenye ukoo unaweza kuwa na mjomba kijana kuliko mwanao, na shikamoo unampa. Nikakamata hilo.

"Umeleta kadi?"

"Nimeleta."

Akaingia bila kuuliza kompyuta iko wapi. Akavuta boksi, akalilaza ubavu juu ya meza. "Lete kisu." Bisibisi Salma alikuwa ameifungia kabatini, kwa hiyo nikampa kisu changu cha kuchinjia kuku. Akafungua skrubu kwa ncha. Kifuniko kikatoka, vumbi ndani limelala kama unga wa mashine. Akalipuliza. Akafungua kiskrubu kingine kinachoshika kadi, akaishika kadi ya zamani huku na huku, akaing'oa polepole, anaichezesha kidogo kama unavyotoa jino la mtoto. Akaiweka mezani. Kitu chenyewe kibao cha kijani, kipana kama kiganja, kina feni ndogo yenye vumbi. Kisha akanipa mgongo, akafungua gazeti, akaingiza ile aliyokuja nayo. Nilisikia ikilia *tak*, vile inavyolia ikikaa. Akachomeka waya wa skrini.

Alikuwa anafanya kazi ameinama, kwa hiyo uso sikuuona. Nikaangalia miguu. Alikuwa amevaa makatambuga, yale ya tairi la gari, wakati vijana wote wa mjini wanavaa raba za mtumba. Na kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa hakina ncha.

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa na kaka, Hamisi, mzaliwa wa kwanza wa mama yangu. Mimi nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, yeye alikuwa kijana ameshaota ndevu. Alijikata kidole gumba kwa jembe. Wakaja watu na lori wanachukua vijana kwenda kukata mkonge Tanga, akapanda. Hakurudi. Barua haikuja, kaburi hatulijui. Picha hakuwahi kupigwa. Mama yangu kabla hajafa aliniambia kitu ambacho kilinitisha kuliko kifo chenyewe. Alisema, "Sura ya Hamisi imenitoka. Namkumbuka miguu tu." Na mimi, nikijitafuta, nilikuwa hivyo hivyo. Miguu, mgongo, harufu ya jasho lake. Mbele peupe kama yai.

Nikashika ukingo wa meza. Yeye bado ameinama, akaniita. Aliniita jina langu la nyumbani, la utotoni, ambalo mume wangu wa ndoa hakulijua. Silitaji hapa, mtanisamehe.

"Unataka mtoto akae?" akauliza.

"Nataka akae."

"Watoto watarudi. Hatachukuliwa. Nikichukua ile ya zamani, sawa?"

Mezani pale kibao cha kijani kimelala. Mafundi wote wanafanya hivyo, wanakuwekea kipya wanaondoka na cha zamani, wakachukue vipuri. Nani angedhani vingine? Nikamjibu haraka, kwa sababu barabarani gari lilikuwa limekohoa.

"Chukua."

Akabonyeza kitufe. Kompyuta ikavuma, skrini ikawaka. Timu zikatoka uwanjani, na wa kwanza mbele, kabla ya wote, golikipa. Ana uso. Kijana mwembamba, paji pana, jicho moja limefumba kidogo kwa jua, na tabasamu la upande mmoja. Nililia papo hapo, niaminini. Ulikuwa uso wa kaka yangu, niliokuwa nimeupoteza tangu nabebwa. Nikainua kichwa nimwambie, "Kaka, ni wewe."

Hapakuwa na mtu. Mlango unagonga kwa upepo. Kisu changu kiko mezani, na pembeni yake kadi ya zamani, na feni yake, na vumbi lake. Hakuichukua.

Basi alichukua nini?

Nilikuwa bado najiuliza nikasikia ndala barazani. Akaingia mwanamke kijana, gauni la Salma, mtandio wa Salma. Hapa mbele peupe.

"Bibi, basi limekuja, kadi haimo," akasema. Sauti ni ya Salma. "Bibi? Mbona unaniangalia hivyo?"

Nilipiga ukelele mpaka majirani wakaja. Wakajaa chumbani, na kila aliyeingia alikuwa jezi bila mchezaji. Nawajua kwa sauti, huyu mama wa mashine, huyu jirani wa kisima. Nyuso hakuna.

Macho yangu ni mazima. Salma alinipeleka hospitali, daktari akanionyesha herufi, nikazisoma mpaka zile za chini. Mwewe namwona akiwa bado juu angani. Kifaranga kimoja kikipungua najua. Uso wa mtu ndio sioni, na siyo kuona tu, hata kukumbuka. Wa mume wangu nikiutafuta kichwani, haupo. Wa marehemu mwanangu, haupo. Sasa mnaelewa ile ya zamani ilikuwa ipi. Nilikuwa na kadi yangu ya picha humu kichwani, ya tangu kuzaliwa, na nilimwambia achukue.

Salma alidhani nimechanganyikiwa, akaleta fundi wa mjini afungue aone nani kachezea mashine. Fundi akaizima, akafungua, akaingiza mkono, akautoa.

"Bibi, kadi mmeitoa?"

"Imewekwa mpya."

"Hapa hamna kadi. Tundu liko wazi." Akaangalia ule waya wa skrini, haujachomekwa popote, akawasha. Golikipa akatoka na tabasamu lake. Fundi akafunga kifuniko, skrubu nyingine akaziacha chini. Chai hakunywa.

Watoto walirudi, kama alivyosema. Wengi kuliko mwanzo. Walikuwa wanasema nyuso za kwetu ni nzuri kushinda za stendi, zinaonekana za watu kweli. Mmoja akanyoosha kidole, "Bibi, huyu beki si anafanana na marehemu babu?" Nikavuta kigoda. Alikuwa yeye, mume wangu, na kovu lake la kidevuni, anakimbiza mpira. Mwanangu alikuwa kiungo. Jirani zangu wengine wako benchi. Na winga wa kushoto, amefunga nywele kama mvulana, alikuwa Salma. Mahali pekee duniani ninapoona nyuso ni pale, na ni zile zile nilizokuwa nazo siku ile.

Bakari alikuja na gari. Nilimjua kwa kikohozi. Akakuta watoto mpaka dirishani, akasimama, akakohoa tena, akarudi Mitundu peke yake. Yule mzee wa asali alipata mwingine, Mungu amsaidie huyo mwingine.

Kwa hiyo Salma alibaki. Nilichokitaka nilikipata. Mjini wanasema nimekuwa na maringo, napita watu bila kuwaamkia. Ninangoja waongee kwanza, nijue mkubwa ni nani. Nimeshampa shikamoo mtoto wa shule kwa sababu alivaa koti la baba yake, na nimeshamwitikia marahaba mzee wa msikiti aliyenisabahi tu. Watu wakacheka. Kila ninapotoa shikamoo moyo unanienda mbio mpaka nisikie jibu.

Miaka imepita. Watoto wa gemu wamekuwa watu wazima, wa sasa wanachezea simu zao. Salma ana duka lake la kutoa kopi hapo mbele, ameolewa na mtu aliyemchagua mwenyewe, anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Anasema ameanza kuota mvi. Mimi winga wangu haoti mvi. Na anao watoto wawili, wananiletea mikono niishike, wananiambia, "Bibi, mimi ni nani?" Nawashika masikio, najua huyu ni nani na huyu ni nani. Lakini nyuso zao hazimo kwenye mashine, walizaliwa baadaye. Sijaziona na sitaziona.

Kompyuta yenyewe imechoka. Inavuma kama mgonjwa wa pumu. Salma ananiambia, "Mke mwenzangu, tuitupe, au tuiwekee kadi nyingine." Nimemwambia atakayeigusa kwa bisibisi atanikuta na kisu. Siku za mgao wa umeme silali. Umeme ukirudi naenda kwanza pale, nafunua kanga, nabonyeza, nangoja. Mpaka sasa amekuwa akitoka wa kwanza yeye, kaka yangu, na tabasamu lake la upande mmoja. Sijui kama nimchukie. Hakuwa na uso mahali popote duniani, akaja kuutafuta kwa mtu wa mwisho aliyekuwa na kipande chake.

Ninyi mnaosoma, mnaonunua vya mtumba na kuita mafundi msiowajua, sisemi msinunue. Nasema hivi. Mtu akisimama mlangoni kwako, na mdomo wako ukamwamkia kabla akili yako haijajua kwa nini, usingoje aitikie. Mwaga maji, angusha sufuria, fukuza kuku, fanya lolote marahaba isitoke. Na kama imeshatoka, ameshafanya kazi yake, anafuta mikono na kukuuliza kama achukue ile ya zamani, usiwe na haraka kama mimi. Muulize: ya zamani ipi?